Mbwa niliyemlea mwenyewe ameniuma. Kwa nini?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa miaka saba, mkubwa wa mwili, anaitwa Bosi. Nilimpata akiwa na miezi miwili, na kumlisha na kumwogesha ni kazi yangu hadi leo. Juzi alikuwa amelala chini ya meza, nami nataka kufagia. Nilimwita hakutoka, nikainama nikamshika mkanda wa shingoni nimvute. Alinitazama kwa jicho la pembeni, ghafla akaniuma mkono, meno yakaingia. Hakunguruma wala hakubweka. Mume wangu anasema amenidharau na anataka kutawala nyumba, kwa hiyo aadabishwe. Ananikumbusha kwamba zamani alikuwa akiwangurumia wageni, akachapwa hadi akaacha. Mimi naona amebadilika tu. Kwa miezi kadhaa sasa hapendi kukimbia, na ngazi anapanda kwa shida. Tuna mtoto wa miaka minne. Je, mbwa anayemuuma anayemlisha bado ni wa kufugwa?

Jibu: Pole sana dada. Kabla sijafika kwa Bosi, naanza na mkono wako, maana hukusema kama ulikwenda hospitali. Kama hukwenda, nenda leo, haya mengine utayasoma ukirudi. Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na hata likiwa limechelewa bado linaoshwa. Chonge za mbwa ni ndefu na zina ncha: zinatoboa tundu dogo linalofunga juu upesi huku vijidudu vimebaki chini. Mkononi ni pabaya zaidi kwa sababu kano na viungo vya vidole viko karibu sana na ngozi. Ukiona mkono unavimba, umekuwa mwekundu na wa moto, unatoa usaha, au kidole hakikunjiki sawasawa, usilale nao hadi kesho. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Toa cheti cha chanjo cha Bosi uangalie tarehe, uende nacho. Anayeamua kama utachomwa sindano za kinga ni mganga aliyeliona jeraha, na mahali ambapo ugonjwa huo upo hakuna kungoja kwanza kuona mbwa atakuwaje. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba kichaa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni nadra mno. Huku wewe unahudumiwa, Bosi azuiwe nyumbani na kutazamwa kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma ataonyesha ugonjwa au atakufa ndani ya siku hizo; akizivuka akiwa mzima, hakukuambukiza kichaa. Ndiyo maana wanaokimbilia kumwua au kumfukuza mbwa siku ileile wanajinyima jibu wanalolihitaji kuliko yote.

Nikiyasoma maelezo yako sioni kichaa. Umesema mabadiliko yana miezi, na mbwa mwenye kichaa hana miezi. Tangu dalili zianze huwa zimebaki siku chache tu. Lakini mimi nasoma barua, mganga ataona mkono. Nenda.

Sasa tumrudie Bosi. Watu husema asante ya punda ni mateke, na mbwa akimuuma mwenyewe wengi humtupia methali hiyohiyo. Kwangu haimfai. Mbwa haweki hesabu ya sahani ulizomjazia miaka saba akaamua siku moja kuifuta. Mwenye mbwa huumwa kwa sababu iliyo wazi sana hata hatuioni: yeye ndiye anayemgusa. Nani humwogesha, humsafisha masikio, humkata kucha, humvuta kutoka sehemu moja hadi nyingine, hunyoosha mkono karibu na bakuli lake? Mgeni husimama mlangoni akapunga mkono. Hata katika takwimu za hospitali, wengi wanaoletwa wameumwa na mbwa wanaofahamiana naye, si mbwa wa kupita njia.

Sentensi iliyonisimamisha katika swali lako ni ile uliyoiandika kama kwa bahati: hapendi kukimbia, na ngazi anapanda kwa shida. Mbwa mkubwa wa mwili akifika miaka saba ameanza uzee, na viungo ndivyo hutangulia kuchakaa: nyonga, viwiko, magoti, uti wa mgongo. Watu hudhani mbwa mwenye maumivu atalia. Atalia ukimkanyaga, ndiyo. Yale maumivu ya kila siku, ya chini chini, hayalii. Anaacha tu mambo fulani. Anaacha kurukia kiti. Anasimama chini ya ngazi kana kwamba amesahau alikuwa anakwenda wapi. Akiamka anatanguliza miguu ya mbele, anatulia kidogo, ndipo anavuta ya nyuma. Analamba kifundo kimoja hadi manyoya yanabadilika rangi. Anatafuta pembe ambayo hakuna atakayemkumba, na chini ya meza ni pembe nzuri sana kwa kazi hiyo.

Weka mkono wako kwenye picha hiyo. Mkanda wa shingoni ukivutwa, shingo na mabega hutangulia na nyonga hulazimika kufuata kwa haraka ambayo hazina tena. Kwa Bosi, mkono ulioingia chini ya meza huenda ulikuja pamoja na maumivu, na pengine haikuwa mara ya kwanza. Mbwa hahitaji kurudia mara nyingi kujifunza kwamba kitu fulani kinauma.

Si viungo tu. Mbwa akiletwa kwangu kwa kuuma, kwanza namwacha atembee chumbani, aketi, anyanyuke, nami nimekaa pembeni natazama mguu upi anaukwepa. Kisha vidole viwili, taratibu, kutoka mabegani kushuka mgongoni, nikisikilizia mahali ngozi inapotetemeka au pumzi inapokatika. Nanusa masikio, kwa sababu sikio lililooza ndani unaweza kulijua kwa harufu kabla ya kuliona. Nainua mdomo wa juu niyaone magego ya nyuma. Gego lililopasuka linaweza kumfanya mbwa mpole aume mtu aliyempapasa shavu. Ninapima macho na masikio pia, maana mbwa asiyekusikia ukija anagutuka usingizini, na anayegutuka huuma kabla hajajua ni nani. Wengine ubongo wenyewe umezeeka: wanapotea ndani ya nyumba yao, wanaduwaa mbele ya ukuta, usiku wanatembea ovyo.

Nakuomba kitu kimoja: usimpe vidonge vyako vya maumivu ukidhani unamsaidia. Ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na paracetamol nayo ni hatari kwake bila maelekezo. Dawa za mbwa zipo, na kipimo huenda kwa uzito wake.

Umesema aliuma ghafla, hakunguruma wala hakubweka, lakini papo hapo umeandika kwamba alikutazama kwa jicho la pembeni. Hilo ndilo lilikuwa onyo. Mbwa anayegeuza kichwa upande huku macho yamebaki kwako, weupe wa jicho ukionekana kama mwezi mwembamba, anasema usisogee. Kabla ya hapo huenda alilamba pua wakati hakuna chakula, au alipiga miayo bila usingizi, au alifunga mdomo uliokuwa wazi ukihema. Kisha mwili huganda. Kuganda huko, hata kwa sekunde moja, ndiko ninakokuogopa mimi kuliko kubweka kwote. Daktari wa mifugo Mwingereza, Kendal Shepherd, alizipanga dalili hizi kama ngazi: chini kuna miayo na kugeuza uso, kupanda juu kuna kuganda, kunguruma, kung'ata hewa, na juu kabisa kuuma. Mbwa wengi hawapendi kufika juu. Wanapanda kwa sababu ngazi za chini hazikusikika.

Na usidanganywe na mkia. Mkia ulioinuka, mgumu, unaocheza kwa miondoko mifupi ya haraka si furaha. Mbwa mwenye furaha hucheza na kiuno kizima.

Sasa kwa nini Bosi hakunguruma? Jibu umelitoa mwenyewe: alichapwa hadi akaacha. Hapa naomba shemeji naye asome. Kunguruma hakukuwa ufidhuli. Kulikuwa ni njia ya heshima aliyonayo mbwa ya kusema jambo hili silitaki, tafadhali niache. Kipigo kiliiondoa sauti, sababu ikabaki palepale, na pengine ikaongezeka, kwa kuwa tangu siku hiyo mgeni akiingia mbwa anajua kuna fimbo nyuma yake. Akabaki na vituo viwili: kuvumilia kimya na kuuma. Mbwa wa namna hii ndio wanaoniumiza kichwa kazini, maana hata mimi niliyezoea kuwasoma nabaki na sekunde moja tu ya kujihami.

Kuhusu kutawala nyumba, jina lake lisiwapoteze. Fikra kwamba mbwa hupigania ukubwa na kwamba dawa yake ni kumlaza chali na kumkandamiza ilitokana kwa sehemu kubwa na mbwamwitu. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja, na wanyama waliobanwa hivyo waligombana sana. Mtafiti wa mbwamwitu, L. David Mech, aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha 1970. Baadaye, baada ya kuwatazama mbwamwitu wakiwa porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza kwa kuwa ni wazazi, si kwa kushinda vita. Na hao ni mbwamwitu. Bosi alikuwa amelala chini ya meza. Mnyama anayepanga mapinduzi hajifichi mvunguni.

Kumwadabisha kuna hatari yake iliyopimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa walioletwa kliniki kwa matatizo ya tabia wamejaribu mbinu gani na mbwa alijibuje. Kati ya waliompiga au kumpiga teke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kumlaza chali kwa nguvu ilikuwa asilimia 31, kumkodolea macho 30. Kumbuka hao tayari walikuwa mbwa wenye shida, kama wako. Kumpiga mnyama aliyeuma kwa sababu anaogopa au anaumwa ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Uso wa hatia ambao huenda alikuonyesha baadaye, masikio chini na mkia ameufyata, nao usiusome kama kukiri kosa. Mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz, alilijaribu jambo hilo, utafiti ukachapishwa mwaka huohuo wa 2009: mbwa walionyesha uso huo zaidi pale mwenye mbwa alipowakaripia, wawe wamekosa au hawakukosa. Anakusoma wewe umekasirika, basi.

Nitaje upesi sababu nyingine kwa ajili ya wasomaji ambao hali yao si kama yako. Wapo mbwa wanaolinda bakuli au mfupa. Wapo majike wenye watoto wachanga, ambao kwa wiki kadhaa hawapaswi kusumbuliwa hata na wanaowapenda. Wapo wanaouma mkono ulioingia kuachanisha mbwa wawili wanaopigana. Katika joto lile hajui tena meno yamemshika nani, kwa hiyo tumia maji, au kitu cha kuwatenganisha, si mikono. Mtoto wa mbwa anayetafuna vidole vyako hana ukali wowote: anacheza, na kati ya miezi minne na sita au saba meno yake 28 ya utotoni yanampisha 42 ya ukubwani, ufizi unamuwasha. Mbwa ambaye kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi hakuzoeshwa watu, sauti na kushikwa, mara nyingi hukua na hofu inayomfuata maisha yote, na anayeshinda kwenye mnyororo hana pa kukimbilia akiogopa. Ama ule ukali wa ghafla usio na sababu kabisa, unaotoka kwenye ubongo, upo lakini ni nadra mno. Wengi wanaoniambia hauna sababu, tukikaa dakika chache tunaipata. Na kuhasi hakutibu hofu. Naulizwa hilo kila mara.

Sasa nyumbani kwako. Mpaka Bosi apimwe, asiwepo mtu wa kuingiza mkono chini ya ile meza. Ukitaka atoke, simama kando ya njia yake na si mbele yake, mgeuzie bega, mwite kwa sauti ya kawaida, na tupa kipande cha chakula hatua mbili mbali na meza. Akitoka, msifu, umwachie njia ya kwenda anakotaka. Asipotoka, fagia kwingine. Lirudie zoezi hilo hata siku ambazo huna haja atoke, ili neno lako la kumwita limaanishe kitu kizuri na si mkono unaovuta. Mkanda wa shingoni usiwe tena mpini wake.

Ukitaka kumpapasa, mwache aje yeye. Mguse kifuani au ubavuni, si juu ya kichwa, kwa sekunde tatu, kisha toa mkono utazame. Akijisogeza na kukuegemea, endelea. Akilamba pua, akatazama pembeni au akabaki kama gogo, umeshajibiwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kujibiwa hivyo, na ndipo ninapokuwa mkali.

Mtoto wako na Bosi wasiachwe pamoja hata dakika moja, na kuwa chumba cha pili ukiwasikia si kuwasimamia. Kimo cha mtoto wa umri huo kinauweka uso wake sawa na mdomo wa mbwa, na watoto wadogo huumwa zaidi kichwani na usoni. Wanakumbatia shingo, wanapanda mgongoni, wanaanguka juu ya nyonga zilezile tunazozishuku. Weka kizuizi au funga mlango. Bosi awe na mahali pake ambapo mtoto haingii, na mtoto awe na sakafu ambayo Bosi hapiti.

Unaweza pia kumzoesha kikapu cha mdomoni cha kumzuia asiume, kile chenye nafasi ya kufungua kinywa, kuhema na kunywa maji. Si kile cha kitambaa kinachobana midomo. Mzoeshe polepole kwa kumwekea chakula ndani, siku kadhaa kabla ya kukifunga. Kitakusaidia siku ya kwenda kliniki. Asishinde nacho, na kisiwe adhabu.

Umeniuliza kama bado ni wa kufugwa. Tazama jeraha. Aliuma mara moja akaachia, au alishika akatikisa? Matundu ni machache na hayakuzama zaidi ya nusu ya chonge, au yamezama hadi ngozi imechanika? Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia, aliyagawa majeraha ya mbwa katika daraja sita kwa maswali ya namna hiyo, na ulivyoeleza, nakisia lako ni daraja la tatu. Ni zito, lakini mbwa wa hapo wengi hurekebika sababu ikipatikana. Bosi ana miaka saba bila kuuma, aliuma akiwa amebanwa, aliuma mara moja, na ana dalili za maumivu yanayotibika. Angekuwa wangu, ningemtibu na kubadilisha nyumba imzunguke kabla ya kufikiria kumwondoa.

Jibu langu lingekuwa tofauti kama angekuwa ameuma mara kadhaa, kwa kina, mahali ambapo hamwezi kutabiri, na mtoto yumo ndani. Hapo kumpa mtu mwingine bila kumwambia ukweli ni kumkabidhi hatari, na kumtelekeza barabarani ni vibaya zaidi. Wakati mwingine mimi na wenye mbwa tumefikia uamuzi wa kumlaza kwa sindano asiamke tena, na sijawahi kuuona kuwa ni wa ukatili. Kwa Bosi sioni kwamba tumefika huko.

Mkishavuka zile siku 10, panga naye safari ya kliniki. Akibadilika ghafla kabla ya hapo, akidondosha mate au kushindwa kumeza, msimguse, piga simu mara moja. Siku ya kwenda, chukua video kwa simu: akipanda ngazi, akishuka, na akinyanyuka asubuhi baada ya kulala muda mrefu. Nusu dakika kwa kila moja inatosha. Mbwa wengi wakifika mbele ya daktari hupata wasiwasi wakaacha kuchechemea, na bila video hiyo daktari anaweza kukurudisha nyumbani akisema hana kitu.